Nimepata kazi ya uuguzi katika jamii ndogo ya Mi'kmaq, Cape Breton: naomba uzoefu wenu

Muuguzi_Mgeni

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu hamjambo.

Nimeishi Halifax kwa miaka sita nikihudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi ujao ninahamia Cape Breton, kisiwa cha jimbo hili hili la Nova Scotia, Kanada, ambacho wenyeji wa asili, yaani Wami'kmaq, wanakiita Unama'ki, kwa kuwa nimepata kazi katika kituo cha afya cha jamii yao moja ndogo iliyo kandokando ya ziwa la Bras d'Or. Jina la jamii hiyo naliacha kwa makusudi, maana ni ndogo kiasi kwamba ukiitaja umewataja watu wenyewe.

Siku ya usaili nilikaribishwa chai katika chumba cha kusubiria. Bibi mmoja mwenye kisukari, aliyekuja kubadilishiwa bandeji ya mguu, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Utakaa muda gani?" Nilimjibu kwamba sijui bado. Akatikisa kichwa taratibu, akageukia dirishani. Baadaye niliambiwa kwamba katika miaka mitatu mguu ule ule umepita katika mikono ya wauguzi watano, na kwamba kila mmoja alianza upya kumuuliza historia yake. Maswali yote ya usaili niliyajibu, lakini hilo moja limenikosesha usingizi.

Naomba mnieleze mambo machache. Je, mtu wa nje anaweza kupanga nyumba ndani ya jamii hizo? Nani hulipia dawa na safari za matibabu, na muuguzi anahusika vipi? Wazee huamkiwa namna gani? La mwisho ndilo linaloniuma zaidi: siku ile ile kulikuwa na msiba, kituo kikafungwa mapema, wafanyakazi wote wakaenda. Sikujua kama mgeni anatakiwa aende au ajiweke kando, nikapanda gari nikarudi Halifax. Kwetu mtu akipita penye msiba bila kusimama, jambo hilo husemwa miaka. Je, nilikosea?

BintiMrima

Mdogo wangu, pole kwa wasiwasi na hongera kwa kazi. Mimi nimefanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani katika jamii mbili za Unama'ki kwa miaka tisa, kwa hiyo nitaanza na hilo la msiba, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi.

Hukukosea kwa kuwa hakuna aliyekualika, lakini safari nyingine nenda. Katika jamii hizi msiba ni wa watu wote kama ulivyo kwetu: kazi husimama, ofisi hufungwa, na anayejua kupika huingia jikoni bila kuulizwa. Mara nyingi marehemu huletwa nyumbani na watu hukesha naye usiku na mchana, wakisali na kuimba tenzi kwa Kimi'kmaw, hadi siku ya maziko. Wengi ni Wakatoliki, na imani hiyo haikuingia jana. Chifu wao mkuu wa zamani, Membertou, alibatizwa tarehe 24 Juni 1610. Hata hivyo utasikia pia harufu ya nyasi tamu na majani ya seji yakifukizwa, na hakuna anayeona kwamba kimoja kinakigombeza kingine.

Baada ya maziko huja kile wanachokiita *salite*. Watu hukusanyika ukumbini kwa chakula, na baada ya hapo huwapo mnada wa vitu vilivyochangwa na jirani na jamaa: mablanketi, vikapu, keki, vyombo vya nyumbani, na wakati mwingine vitu vya marehemu mwenyewe. Fedha zinazopatikana hulipia gharama za mazishi. Msiba wa kwanza niliohudhuria nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mnadishaji aliinua mkate mmoja wa *lu'sknikn*, mkate wao usiotiwa hamira, uliofungwa katika kitambaa cha jikoni cha mistari ya buluu, na bei ikapanda hadi dola 40. Aliyeshinda alilipa, akausimamisha mkate mkononi kidogo, kisha akaurudisha mezani unadiwe tena. Ulinunuliwa mara tatu usiku ule, na wa mwisho aliukata vipande akawagawia watoto. Nilikumbuka daftari la rambirambi la nyumbani, yale majina na viwango vinavyosomwa kwa sauti, nikaona kwamba hapa wamepata njia ya kuchanga ambayo mwenye dola tano na mwenye dola mia wote wanatoka na kitu mkononi na hakuna anayeona haya. Ukienda, beba kitu cha kunadiwa, hata kama ni kidogo.

Sasa kuhusu wazee. Hakuna shikamoo, lakini kuna adabu yake. Ukiingia sema *kwe'*, salamu yao, kaa, na usianze na karatasi. Ukipewa chai, kunywa. Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa haraka. Nilimuuliza mzee mmoja kama maumivu yake yanachoma au yanapwita, akanyamaza, nami nikarudia swali kwa sauti ya juu zaidi nikidhani hakusikia. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akiosha vyombo, aligeuka akaniambia kwa upole: "Amekusikia. Bado anafikiri kwa lugha yake." Tangu siku hiyo nikiuliza swali naweka kalamu mezani na kusubiri, na majibu ninayopata sasa ni tofauti kabisa na yale niliyokuwa nikiyaandika zamani.

Jambo la dawa za asili nalo lishike vizuri. Uliza mgonjwa anatumia nini, na uulize kwa sura ya mtu anayetaka kujua. Ukiuliza kwa dharau hutaambiwa, na usipoambiwa unaweza kumpa kidonge kisichopatana na kile alichochemsha asubuhi. Mzee Albert Marshall wa jamii ya Eskasoni alilipa jambo hili jina mwaka 2004, *Etuaptmumk*, yaani kuona kwa macho mawili: jicho moja litumie nguvu ya maarifa ya wenyeji, jingine litumie nguvu ya sayansi, na yote mawili yatumike pamoja. Vituo vingi vya afya vya Unama'ki hulichukulia hilo kama msingi wa kazi, kwa hiyo usishangae kukuta chumba cha kufukizia karibu na chumba cha chanjo.

Dereva_wa_Sydney

Nitajibu la makazi tu. Ndani ya hifadhi, yaani ardhi waliyotengewa, hutaweza kununua kiwanja wala nyumba, kwa sababu ardhi imeshikwa na Serikali ya Kanada kwa niaba ya jamii nzima, na mtu asiye mwanachama hukaa humo kwa ruhusa ya baraza la jamii. Baadhi ya mabaraza yana nyumba chache za wafanyakazi, lakini watu wao wenyewe wako kwenye orodha ya kusubiri nyumba, na si vizuri mgeni awatangulie. Panga mji wa karibu na uendeshe gari. Nunua matairi ya theluji kabla ya Novemba, weka blanketi, koleo na mishumaa ndani ya gari, na usiziamini barabara za kando ya ziwa alfajiri ya baridi, maana barafu yake haionekani. Basi za kutegemewa vijijini hakuna.

Kuhusu mshahara wako, utakatwa kodi kama kawaida. Msamaha wa kodi uliomo katika Sheria ya Wahindi ya mwaka 1876 ("Wahindi" ni jina ambalo sheria iliwapa wenyeji wa asili wa Kanada, si watu wa India) unawahusu waliosajiliwa chini ya sheria hiyo, na tena kwa mali na mapato yaliyo katika ardhi yao. Wapo wanaosema kwamba watu hawa hawalipi kodi yoyote. Si kweli, na usiyarudie maneno hayo.

Mwalimu_Mstaafu

Ndugu Dereva ameeleza vema, ila ningeomba tuliache hilo neno "hifadhi". Msomaji wa Kiswahili akiliona huwaza Ngorongoro na wanyama, ilhali tunazungumzia ardhi ambayo watu walifungiwa humo kwa sheria. Mimi husema "jamii" au "ardhi iliyotengwa", na ninaona kwamba tofauti hiyo si ya maneno tu. Katika miaka ya 1940 serikali iliamua kuwakusanya Wami'kmaq wa Nova Scotia katika sehemu mbili, Eskasoni na Shubenacadie, wakaahidiwa nyumba na shule, na wengi waliacha mashamba na makazi mazuri wakakuta ahadi hazikutimizwa. Baadhi ya wazee utakaowapima shinikizo la damu walizaliwa katika misukosuko hiyo.

Huko Shubenacadie ndiko ilikokuwa pia shule ya bweni ya serikali iliyoendeshwa na Kanisa, kuanzia 1930 hadi 1967. Watoto walichukuliwa kwa wazazi wao na kuadhibiwa kwa kusema lugha yao. Ninalitaja kwa sababu ya kazi yako, binti yangu. Kwa mtu aliyepitia pale, jengo lenye korido ndefu, harufu ya dawa ya kusafishia na mtu wa nje mwenye funguo kiunoni havimpi utulivu. Mweleze unachotaka kufanya kabla ya kukifanya, na ukitaka kufunga mlango mwulize kwanza.

Utakuta pia mamlaka mbili, na mgeni huzichanganya. Kuna baraza la chifu na madiwani linalochaguliwa kwa kura, ambalo ndilo linaloendesha kituo chako cha afya, nyumba, maji na barabara. Na kuna *Sante' Mawio'mi*, Baraza Kuu la taifa zima la Mi'kmaq, lililokuwapo tangu kabla ya sheria hizo, ambalo hukutana Potlotek, jamii nyingine ya Unama'ki, wakati wa hija ya Mtakatifu Anna. Sikukuu yake ni tarehe 26 Julai, na siku hizo watu husafiri kutoka kila pembe, hivyo usimpangie mzee miadi ya kliniki wiki hiyo halafu ukamwandika kuwa mtoro.

Nije kwenye lugha, ambayo ndiyo furaha yangu. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku kwa watoto wangu, na nilipoanza kusikiliza Kimi'kmaw nilijikuta natabasamu peke yangu. "Nakupenda" ni *kesalul*, neno moja tu, mtenda na mtendwa wote wamo ndani ya kitenzi kama kwetu. Ukimwona mtu unasema *nemi'k*, ukiona kitu unasema *nemitu*. Ndiyo ile ile "namwona" na "nakiona". Nomino zao zimegawanyika kati ya zenye uhai na zisizo na uhai, na kuna vitu ambavyo mgeni angeviita vitu tu, kumbe lugha imeviweka upande wa wenye uhai, wala havihitaji kupumua. Ukimshukuru mmoja unasema *wela'lin*, wakiwa wengi *wela'lioq*, sawasawa na asante na asanteni. Jifunze hayo mawili kabla hujafika. Kumbuka pia kwamba Mi'kmaq ni wengi. Mtu mmoja ni Mi'kmaw.

Lugha hiyo inapiganiwa kweli. Mwaka 1997 jamii tisa za Nova Scotia zilitia saini makubaliano ya kurudishiwa mamlaka ya elimu, na sasa zinaendesha shule zao kupitia chombo chao kiitwacho Mi'kmaw Kina'matnewey. Tarehe 1 Oktoba 2022, siku ambayo huko huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Mikataba, sheria ya jimbo ilianza kutumika ikiitambua lugha ya Kimi'kmaw kuwa lugha ya kwanza ya Nova Scotia. Eskasoni wana shule ambamo watoto wadogo hufundishwa kila kitu kwa Kimi'kmaw. Niliwahi kukaa benchi moja na mtoto wa miaka sita aliyekuwa akimsahihisha mama yake matamshi, na mama alikuwa akirudia neno lile polepole, akilishika kama mtu anayepokea kitu alichonyimwa utotoni.

Muuguzi_Mgeni

Shikamoo Mwalimu, na dada BintiMrima ahsante sana. Nimeyasoma mara mbili, na ile habari ya kuweka kalamu mezani nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Mmenijibu mengi, ila lile la malipo bado. Nimeonyeshwa kwamba katika wagonjwa wangu kutakuwa na mtoto mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kiti maalumu na msaidizi nyumbani. Mtangulizi wangu aliacha faili lenye barua za kutoka ofisi moja kwenda nyingine, kila moja ikisema mwenye jukumu ni mwenzake. Naanzia wapi?

BintiMrima

Anzia kwenye Kanuni ya Jordan, na usikubali kurushwa kama mpira. Kwa kawaida bima ya jimbo hulipa daktari na hospitali kama kwa mkazi yeyote wa Nova Scotia, na mpango wa afya wa Serikali ya Kanada kwa watu waliosajiliwa hulipia dawa, meno, miwani na safari za matibabu. Kati ya hizo mbili ndipo watu wanapotumbukia, kwa sababu serikali moja husubiri nyingine.

Kanuni hiyo ilipewa jina la Jordan River Anderson, mtoto wa taifa la Cree kutoka Manitoba, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na miaka mitano hospitalini. Madaktari walikuwa wameshasema anaweza kwenda nyumbani, lakini serikali mbili zilikuwa zikibishana nani alipie matunzo yake. Kanuni inasema serikali iliyofikiwa kwanza itoe huduma, mabishano ya malipo yafuate baadaye. Bunge la Kanada liliiunga mkono mwaka 2007, na mwaka 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Kanada liliamuru itekelezwe kikamilifu. Kwa huku kwetu jamii ya Pictou Landing ilipeleka shauri mahakamani kwa ajili ya mama aliyepata kiharusi akishindwa kumhudumia mwanawe, na mwaka 2013 Mahakama ya Shirikisho ikawapa haki. Kwa hiyo hushiki barua ya kuomba hisani. Muulize meneja wako ni nani mratibu wa Kanuni ya Jordan katika jamii, maana mara nyingi yupo, andika hitaji la mtoto kwa lugha ya kitabibu iliyo wazi, ambatanisha maoni ya mtaalamu, na weka tarehe ya kila simu uliyopiga. Mama wa mtoto asiachwe kubeba faili hilo peke yake.

Dereva_wa_Sydney

Mwalimu, nimekuelewa kuhusu lile neno na nimelipokea.

Dada Muuguzi, la nyongeza: utaletewa samaki. Mimi nililetewa mkunga, samaki yule mrefu kama nyoka (si mkunga wa uzazi, ingawa kwa kazi yako wote wawili watakuhusu), na nilitaka kukataa kwa kuwa sijui kumpika. Mzee aliyenipa alinieleza kwamba kwao wanamwita *kat*, kwamba ni chakula na ni dawa, na kwamba huvuliwa wakati wa baridi kwa kutoboa barafu. Kisha akanisimulia habari za Donald Marshall wa jamii ya Membertou, ambaye alikaa gerezani miaka 11 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na baada ya kutoka akashtakiwa tena mwaka 1993 kwa kuvua mikunga na kuiuza kwa dola 787.10. Shauri hilo lilifika Mahakama ya Juu Kabisa ya Kanada, na tarehe 17 Septemba 1999 mahakama ikasema kwamba mikataba ya 1760 na 1761 kati ya Wami'kmaq na Waingereza bado ina nguvu, na kwamba Wami'kmaq wana haki ya kuvua na kuuza ili kupata riziki ya wastani. Ugomvi wa kambakoche uliowaka mwaka 2020 huko Saulnierville ulitokana na haki hiyo hiyo. Ukisikia mjini watu wakiwalalamikia wavuvi wa Mi'kmaq, jua kwamba mgonjwa wako wa kesho huenda ni mama wa mvuvi huyo.

Mkunga yule nilimchukua. Mke wangu alimpika kwa nazi, tukampelekea mzee bakuli.

Muuguzi_Mgeni

Narudi na habari. Nimepanga chumba mji wa jirani, dakika ishirini na tano kwa gari, na nimetia saini mkataba wa miaka mitatu, si ule wa miezi sita niliokuwa nimeombewa mwanzo. Jana nilikwenda kuonyeshwa kazi na nikamkuta bibi yule kwenye kiti kile kile. Nikamwambia *kwe'*, nikakaa, nikamwambia: miaka mitatu. Alinyamaza muda mrefu, nami sikurudia. Kisha akavua soksi mwenyewe, akaniinulia mguu niutazame, akaanza kunieleza kidonda kilivyoanza.

Wiki hii kuna *salite*. Nimealikwa na mtu wa mapokezi. Je, nguo ya kanga mpya, ambayo haijafunguliwa, inafaa kunadiwa?

BintiMrima

Inafaa sana. Waandikie pembeni maana ya jina lililoandikwa juu yake, na umpe mnadishaji mapema ajizoeze kulisoma.